Nahodha Alisema Kidogo Tu

Mimi Meredith simwiti dada, na anayetaka kunikasirikia anikasirikie. Baba yangu anamwita mwanangu, hilo ni lake. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha kushona glavu za ngozi ya sili. Mimi ndiye niliyemkatia nyama alipokuwa hajui hata kisu kinashikwa vipi. Kwa hiyo nina haki ya kusema: yule mwanamke alitujua vizuri, na siku tuliyomhitaji akatunyamazia.

Alikuja kisiwani kwetu mwezi wa tano, barafu ikiwa bado imeng'ang'ania ufuo. Alikuwa mtafiti wa ndege wa baharini na wa walrasi, wale wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu kama ya tembo. Chuo chake kilimwombea chumba, na baba akasema chumba cha marehemu mama kiko wazi. Basi akaingia kwetu na masanduku yake, mizani yake na darubini ya miguu mitatu, tukawa watu wanne nyumbani: baba, kaka yangu Delbert, mimi Vernita, na yeye.

Kazi yake ilikuwa kukaa. Alipanda juu ya majabali akajifungia kwenye kibanda cha turubai, akawa anaangalia ndege weusi waliojipanga kwenye kingo za mwamba, na walrasi wanapopita wamelala juu ya barafu inayoelea. Upepo wa huko unachuna uso. Alirudi pua imebabuka, midomo haifungi.

"Wewe, utaganda huko juu," nilimwambia.

"Nikiganda nipasueni tumbo, mwone nilikula nini," akajibu. "Ndivyo ninavyowafanyia wenzangu ndege."

Tulicheka. Sikatai, nilimpenda. Mtu wa maneno mengi kama mimi, katika nyumba ya wanaume wawili wasiofungua midomo, kwa nini nisimpende?

Kiangazi kile ndege walianza kufa. Mawimbi yaliwaleta ufukweni, weusi kwa weupe, wamelowa, hata mbwa waliwachoka. Meredith aliwakusanya kwenye magunia, akawapima, akawapasua mmoja mmoja kwenye meza yetu ya ukumbini. Matumbo matupu. Hakuna hata mwiba wa samaki.

"Njaa," akasema. "Bahari imepata joto, samaki wao wamehama." Halafu akaketi chini na ndege mmoja mapajani, akalia kama aliyefiwa.

Baba alikuwa mlangoni. Alimtazama muda mrefu, kisha akasema kwa lugha yetu, "Huyu ni Paniya."

Paniya ni dada yangu. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu kabla hajavunja ungo, na alikuwa mtoto wa kulilia vifaranga. Kwetu marehemu akijionyesha ndani ya mtu, yule mtu anapewa jina, na akishapewa jina amerudi nyumbani. Si mgeni tena. Ana sehemu yake ya nyama kama mtoto wa tumbo moja, na ukimnyima yeye umemnyima marehemu. Basi Meredith akawa Paniya. Mashua ikirudi, sehemu ya Paniya ilitengwa kabla ya yangu mimi. Sikulalamika. Nilimkatia mwenyewe, tena vipande vyenye mafuta.

Sasa sikilizeni hili, maana bila hili hamtaelewa hasira yangu.

Nahodha wa kwetu hajisifu. Akiwa njiani kurudi, atasema kwenye redio, "Tumepata kidogo." Hasemi wangapi. Na kabla ya kutoka ndiyo kabisa, hataji idadi hata umpige na kasia. Wanyama wanasikia. Ukitangaza leo nitaua kadhaa, ni kama umeingia nyumba ya watu ukaanza kuagiza chakula. Watakufungia mlango. Na mtu akikuuliza kama una shida, unamjibu huna. Kulialia shida mbele ya watu ni aibu.

Mara ya kwanza Meredith aliposikia redio ikisema "kidogo," alirudisha beseni ndani na kwenda zake kulala. Nusu saa baadaye mashua ya baba ikaingia, maji yamebakiza vidole viwili kufika ukingoni kwa uzito wa nyama.

"Vernita! Mbona alisema kidogo?"

"Ulitaka aseme nini? Apige tarumbeta?"

Alijifunza haraka. Mwaka uliofuata redio ilisema, "Hatukupata cha maana," na ni yeye aliyeruka kwenye kiti. "Jamani, noeni visu vyote! Leo hatulali!" Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wendell, nahodha wa mashua ya jirani na bingwa wa masihara, akampa jina la utani, Mama Kidogo Tu. Kila alipopita dukani watoto walimwita hivyo, naye akiitika.

Kwa hiyo asiniambie mtu hakujua. Alijua.

Mkutano ulifanyika wakati wa baridi, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule. Wakubwa walishuka na ndege ndogo, wana makoti mapya bado yana mikunjo ya dukani. Walisema barafu inapungua, walrasi wanapungua, na utafiti wa Dokta Meredith umelionyesha hilo. Sibishi. Barafu inapungua, sisi tunakanyaga juu yake, tutakosaje kujua? Wakasema wanataka kuweka mgawo. Kila mashua ipewe kiasi, na hawataki kutuonea, kwa hiyo wamekuja kusikia kutoka kwetu wenyewe.

Mwenyekiti wao alikuwa mtu mpole, ndilo lililonitia uchungu zaidi. Akamgeukia baba, kwa kuwa ndiye nahodha mkongwe.

"Mzee Orville, mashua yako inahitaji walrasi wangapi mwakani?"

Delbert akatafsiri. Mimi nilikaa nyuma na akina mama. Nilijua tunachohitaji. Mashua ya baba ni ya ngozi, ya mwisho kisiwani. Wengine wote wana za bati, zinagonga barafu kelele mpaka upande wa pili wa bahari. Ile ya baba inateleza kimya. Lakini ngozi yake ilikuwa imechoka, imejaa viraka, mishono inavuja. Kuivika upya kunataka ngozi mbili za majike. Dume hafai, ngozi yake ni nene na ina manundu. Na ngozi ya jike lazima ipasuliwe katika unene wake, ifunguke kama unavyofungua kitabu, na hapa kisiwani anayeijua kazi hiyo nimebaki mimi. Nilifundishwa na mama. Baba alikuwa ameshasema mara moja tu, na yeye hasemi mara mbili: anataka kuivika mashua, aende nayo baharini msimu mmoja akiwa nyuma kwenye usukani, halafu ampe Delbert. Ndilo aliloliomba duniani. Ngozi mbili.

Baba akasimama. Akavua kofia.

"Kidogo tu kinatosha," akasema. "Hatuna shida."

Mwenyekiti akatabasamu, akaandika. Akamuuliza Wendell.

"Mimi nikipata sharubu moja tu ya kuchokonolea meno, nashukuru," Wendell akasema, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka, akaandika. Ee Mungu wangu, aliandika! Manahodha wote wakapita hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ana kidogo, kila mmoja hana shida.

Nikasimama. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Baba akageuka akanitazama, hakukunja uso wala nini, alinitazama tu. Nikakaa. Mtasema Vernita mwoga. Semeni. Mtoto hamkanushi nahodha mbele ya watu, na kutaja idadi wakati mashua haijagusa maji, hata mimi sikuthubutu.

Wakati wa chai nikamvuta Meredith kwenye korido ya makabati ya wanafunzi.

"Waambie."

"Niwaambie nini?"

"Usinifanye mjinga, Mama Kidogo Tu. Waambie kidogo ya baba ni ipi. Wewe ni mtu wao. Wewe hakuna mnyama atakayekusikia."

Akaangalia kikombe chake. "Vernita, miaka yote watu kama mimi wamewasemea watu kama nyinyi. Si vizuri. Safari hii wamewauliza wenyewe."

"Wametuuliza kwa namna ambayo hatuwezi kujibu! Na wewe unajua!"

"Si mahali pangu," akasema.

Tukarudi ndani. Nikadhani basi, yamekwisha. Kumbe Mungu alimpa nafasi nyingine, akampa mlango wazi kabisa. Mwenyekiti, kabla ya kufunga, akamgeukia.

"Dokta, wewe umeishi hapa. Haya tuliyoyasikia kwa manahodha yanalingana na uliyoyaona?"

Akina mama wote wakamtazama, wale wale aliowaambia wanoe visu. Wendell akaacha kutafuna. Baba peke yake hakumtazama, alikuwa anajifunga kamba za viatu.

Meredith akasafisha koo. "Mimi naheshimu walichosema wenyewe," akasema.

Neno zuri, sivyo? Safi, halina doa. Mpaka leo nikilikumbuka natamani kutema mate. Alilia kwa ajili ya ndege wenye matumbo matupu. Kwa ajili yetu akasafisha koo.

Mgawo ulipotoka, kila mashua ilipewa walrasi mmoja.

"Mmoja!" Delbert alipiga ngumi mezani. "Mashua nzima ya watu!"

"Ni kidogo," baba akasema, na safari hiyo neno lilikuwa na maana yake yenyewe.

Masika yalipofika baba alitoa mashua ikiwa na ngozi yake ile ile mbovu. Nilikaa siku nzima naishona na kuipaka mafuta, na kila nilipoziba hapa nikaona mwanga pale. Wakaenda. Meredith masika hayo hakuwepo. Alikuwa amepata cheo mjini, kwenye ofisi yenye joto.

Redio ikalia mchana. "Tumepata," baba akasema. Hakusema kidogo. Nikajua ni mmoja tu.

Delbert ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunaburuta ngozi ufukweni. Walikuta kipande kizima cha barafu kimejaa majike wasio na watoto, wamelala wamebebana, wanakoroma. "Tungewagusa kwa kasia, Vernita. Nakuapia. Tukapiga mmoja. Nikainua bunduki tena, mkono wa baba ukaja juu ya mtutu. Nikamwambia, baba, hakuna mtu hapa, ni sisi na Mungu. Tupate ngozi ya pili tu, basi. Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"'Nilisimama nikasema kidogo kinatosha. Walinisikia watu, na hawa walinisikia.' Akageuza mashua."

Delbert alikuwa analia bila kujificha, mwanaume mzima mwenye mvi.

Wakati wa kufika ufukweni, barafu ilikuwa imechana ngozi ya zamani ya mashua kuanzia mbele mpaka katikati, mchano ambao hakuna sindano ya kuurudisha. Tuliivua yote tukaitupa. Mashua ikabaki mbavu tupu juu ya magogo, unaona bahari upande wa pili.

Nilikwenda kwa Wendell. "Naomba ngozi ya mnyama wako."

"Shangazi, ningekupa hata ya kwangu mwenyewe," akasema, na hakukuwa na masihara usoni. "Nilikutana na madume matupu. Njoo uone. Inafaa kufunikia choo." Kwa manahodha wengine ilikuwa hivyo hivyo. Kila mmoja alimchukua wa kwanza aliyemkuta, kwa kuwa alikuwa na mmoja tu wa kuchukua.

Hata hivyo nikaipasua ile moja. Niliivundika mpaka manyoya yakaachia, nikaitundika kwenye gogo, nikaanza. Kazi hiyo ukikohoa tu umeitoboa. Sikuitoboa. Nikaifungua, nikaiwamba kwenye fremu nje ya nyumba, na jua likipita ndani yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Haijawahi kutoka ngozi nzuri kama ile mikononi mwangu, na ilifunika nusu ya mashua. Nusu. Nilimwambia baba tutaihifadhi mpaka masika mengine. Akasema pumzi zake hazihifadhiki.

Kiangazi Meredith akaja. Alishuka kwenye ndege na sanduku la machungwa, kahawa na peremende za watoto, akaja moja kwa moja nyumbani kama mtu anayerudi kwao. Nilikuwa nimeshika mlango. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima.

"Vernita, mpishe ndugu yako," baba akasema kutoka ndani. "Weka chai."

Nikaweka chai. Nikaweka biskuti ngumu na siagi. Nikamwekea na nyama, kutoka kwa yule mnyama mmoja, maana sehemu ya Paniya ilikuwa imetengwa kama kawaida, na ningeanguka kabla sijamnyima dada yangu. Alikula. Akasema ni tamu, amekosa ladha hii huko mjini.

"Mashua iko wapi?" akauliza.

"Umepita mbele yake," nikamwambia.

Akachungulia dirishani. Aliona mbavu. Akashusha kikombe taratibu.

Baba akasimama, akachukua fimbo yake, akatuongoza nje mpaka kwenye fremu. Akaweka kiganja chake juu ya ile ngozi, akaipapasa.

"Paniya," akasema, "hii ni yako. Masika haya hukuwepo kuchukua sehemu yako. Chukua."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anampa au alikuwa anamwonyesha. Labda kwa baba hayo mawili ni kitu kimoja. Delbert alitafsiri.

Meredith akawa mwekundu mpaka masikioni. "Baba, hapana. Ni kubwa mno. Halafu siwezi... Sheria hairuhusu. Mtu asiye wa asili ya hapa haruhusiwi kumiliki ngozi mbichi ya walrasi. Na mimi na kazi yangu, unaelewa, Vernita, mwelezee. Kisheria mimi si mtu wa hapa."

"Jina ulimiliki," nikasema. "Jina halikukushinda."

"Vernita," baba akasema.

"Hapana, baba, niache! Nyama unakula, jina unaitika, kitanda cha mama yangu unalalia. Ukumbini ulipoulizwa wewe ni nani kwetu, ukawa mgeni. Leo unapewa, umekuwa mgeni tena. Utakuwa mtu wetu lini, wewe? Saa ya kula tu?"

Alianza kulia. Yale yale machozi ya ndege. Hayakunigusa hata kidogo.

Baba alingoja tunyamaze. Kisha akaondoa kiganja chake juu ya ngozi.

"Ikate," akaniambia.

"Baba!"

"Iwe kamba na nyayo za viatu. Imekataliwa na mwenyewe. Mashua haivikwi kitu kilichokataliwa."

Nikachukua kisu changu kipana, cha mama. Mkono wangu uliokuwa umeipasua ile ngozi bila kuitoboa ukaitia kisu katikati, ikalia kama turubai. Delbert akaondoka kuelekea ufukweni, hakutaka kuona. Nikakata vipande vya upana wa kamba, kimoja baada ya kingine, vikaanguka miguuni kwangu. Meredith alisimama pale pale, mikono haijui pa kwenda.

"Kutakuwa na mkutano mwingine wakati wa baridi," akasema mwishowe, akijipangusa kwa mkono wa sweta. "Nitasema, baba. Naahidi. Nitawaambia mnahitaji zaidi. Wewe niambie tu mmepungukiwa nini, mimi nitasema."

Nikasimamisha kisu. Delbert hakuwepo, kwa hiyo nilitafsiri mimi, neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza.

Baba akamtazama kwa upole ule ule aliomtazama nao siku ya ndege. Nyuma yake mbavu za mashua zilikuwa zinapitisha upepo.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Tuna vya kutosha."

Nikamtafsiria na hilo. Nikamkazia macho, nikangoja. Huyu aliyeruka kwenye kiti akasema noeni visu, huyu aliyetusoma vizuri kuliko mgeni yeyote aliyewahi kukanyaga kisiwa hiki, nikangoja aseme.

Akavuta pumzi, ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Afadhali," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi sana." Akamshukuru baba, akarudi ndani kumalizia chai yake.